HISTORIA: SAMAKI ALIYETOWEKA ZIWANI, KUMBE YUKO SEBULENI KWA WATU

Kuna watu wakiona jamaa kaweka tangi la samaki sebuleni wanasema hayo ni mambo ya kishua tu, pesa imemzidi. Basi wadau, huko Australia kuna aina nzima ya samaki iliyobaki mikononi mwa watu wa namna hiyo hiyo. Hawakuwa mastaa. Walikuwa watu wa kawaida wenye matangi, ndoo na nyavu ndogo.

Stori inaanzia kaskazini mwa jimbo la Queensland, kwenye ziwa dogo linaloitwa Eacham. Limekaa kwenye shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, msitu umelizunguka, na hakuna mto unaoingia wala kutoka. Humo aliishi samaki mdogo, urefu wake kama kidole, wa ile jamii ya samaki wa upinde wa mvua. Mwaka 1982 wanasayansi wakampa jina rasmi, Melanotaenia eachamensis. Wakati huo alijulikana kuwa yupo kwenye ziwa hilo tu, duniani kote hakuna kwingine.

Shida ni kwamba kuna watu walileta samaki wa mitoni wakawamwaga ziwani. Wageni hao ni wawindaji, wanameza wadogo. Mwenyeji alikuwa amezoea maisha ya amani, hajui hata kumkimbia adui. Kufikia mwaka 1987 watafiti walimtafuta ziwani wakatoka kapa. Ikaonekana ametoweka kabisa porini. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa sana hapa: sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria, furu wa aina nyingi walipukutika.

Sasa ndipo wafugaji wa nyumbani wanaingia kwenye stori. Kabla mambo hayajaharibika, baadhi yao walishachota samaki wachache Eacham, wakawapeleka nyumbani na kuwazalisha. Watafiti walipokuwa wanahesabu sifuri ziwani, samaki walikuwa wanadunda kwenye matangi.

Kuwazalisha siyo kazi ngumu kivile. Unawaweka kundi, maana mmoja peke yake hana raha. Asubuhi mwanga ukiingia, madume wanawaka rangi na kuanza kujishaua mbele ya majike. Jike hatagi yote kwa mpigo, anataga machache kila siku, na mayai yana vijiuzi vinavyonata kwenye mimea. Wafugaji wengi wanatumia kifungu cha uzi wa kufumia kama mmea bandia. Kikishajaa mayai wanakihamishia tangi lingine, kwa sababu wazazi wenyewe wanaweza kuyala. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, vifaranga wanatoka, wadogo balaa, wanaogelea juu juu ya maji.

Kazi ngumu ni nidhamu. Samaki wa upinde wa mvua wa aina tofauti wakikaa tangi moja wanapandana bila shida, na watoto wanatoka mchanganyiko. Wanaweza kupendeza, ila ukoo umeshapotea. Kwa hiyo aliyeokoa jahazi ni yule aliyetenga tangi lake na kukumbuka hawa nimewatoa Eacham. Bila kumbukumbu hiyo, wangebaki kuwa mapambo tu.

Walijaribu kuwarudisha ziwani, ikagoma. Wawindaji bado walikuwepo, wakawala. Baadaye, miaka ya 1990, vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba ndugu zao wapo pia kwenye vijito vya milimani jirani na ziwa. Habari njema hiyo, ila mpaka leo samaki huyu bado yuko hatarini, na pale Eacham kwenyewe hajarudi.

Ukiangalia vizuri, stori hii yote ni ya ndoo. Kuna aliyebeba ndoo akamwaga samaki wasiohusika ziwani, na kuna aliyebeba ndoo akaondoka na wachache akawatunza. Wote wawili pengine waliona wanafanya jambo dogo tu. Kwa hiyo wewe mwenye tangi, andika samaki wako wametoka wapi, usiwachanganye hovyo, na ukiwachoka mpe mtu mwingine. Usiwamwage mtoni.

Mdau, mtaani kwenu kuna samaki gani waliokuwepo zamani na siku hizi hawaonekani? Dondosha hapo chini.