Barua za Kale za Pwani ya Fizi: Utafutaji na Usomaji Wake

Barua haikai kwa aliyeiandika. Humwacha mwandishi, hupita mikononi mwa tarishi, na mwisho huwekwa na yule aliyeandikiwa. Jambo hili, dogo kama linavyoonekana, ndilo linaloeleza kwa nini mwanafunzi wa Fizi au wa Baraka anayetaka kujua habari za pwani yake katika miaka ya 1880 na 1890 hana budi kuzitafuta Ubelgiji na Roma. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Rumaliza, alikuwa na makao yake Ujiji, na watu wake walifika pande za Masanze na Uvira kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mkubwa wa kiasi hicho hakukosa kuandika na kuandikiwa. Hata hivyo, zilizohifadhiwa za watu wa tabaka lake katika hazina za Ulaya ni zile tu zilizowafikia Wazungu, ama kwa kupelekewa ama kwa kutekwa vitani.

Nyaraka za aina hiyo zimo katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Huko hazikupangwa kwa majina ya waandishi wake wala kwa majina ya nchi zinazotajwa. Zimo ndani ya makaratasi ya maofisa: Émile Storms, aliyekaa Karema na kujenga Mpala mwaka 1883, Francis Dhanis, aliyeongoza majeshi ya Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894, na Stanley, ambaye kumbukumbu zake zilinunuliwa kwa ajili ya jumba hilo tangu mwaka 1982. Kwa hiyo mtafiti anayefungua faharasa na kutafuta "Fizi" au "Ubwari" aweza kurudi mikono mitupu, ilhali karatasi anayoitaka imo ndani ya jalada lenye jina la Mbelgiji. Ni lazima kwanza ajiulize ni ofisa gani aliyekuwa ziwani mwaka fulani, ndipo aombe jalada lake. Kazi ya Xavier Luffin, aliyeanza kuzieleza nyaraka hizi katika jarida la Swahili Forum mwaka 2007 na kuzitolea kitabu kizima Bruxelles mwaka 2020, imepunguza sana taabu hiyo. Lakini kitabu hicho kimeandikwa kwa Kifaransa, na asiyejua hati ya Kiarabu hulazimika kuzipokea barua za Kiswahili kupitia tafsiri. Si haba, ila si sawa na kuzisoma.

Maana hati yenyewe ni sehemu ya tatizo. Barua hizi aghalabu hufunguliwa kwa salamu za Kiarabu, kisha maneno ya Kiswahili hufuata kwa herufi zilezile. Herufi za Kiarabu za kawaida hazina alama ya "p", ya "v" wala ya "ch", na irabu "e" na "o" hazitofautishwi na "i" na "u". Mara nyingi sauti ya ving'ong'o kabla ya konsonanti haiandikwi kabisa. Hivyo umbo moja laweza kuwa "bata", "pata" au "mbata", na muktadha peke yake ndio utakaoamua. Jina la Fizi laweza kusomwa "vizi". Na anayetafuta mji wa Baraka ana balaa jingine: neno hilo liko ndani ya salamu yenyewe ya Kiislamu, rehema ya Mungu na baraka zake, na hati ya Kiarabu haina herufi kubwa za kutenga jina la mahali na neno la kawaida. Atalikuta neno hilo tena na tena juu ya karatasi bila ya kuukaribia mji hata hatua moja. Yafaa zaidi kutafuta majina mengine ya sehemu hiyo, kama vile Masanze au Ubwari, kuliko kuanza na majina ya miji iliyo mikubwa leo.

Tarehe husaidia zaidi kuliko majina. Mwaka 1311 wa Hijria ulianza katikati ya Julai 1893, na mwezi wa Rajabu wa mwaka huo ulianguka Januari 1894, yaani siku zilezile ambazo Rumaliza alishindwa na kuvuka ziwa kwenda upande wa Wadachi. Barua yenye tarehe ya Rajabu 1311 yapasa kusomwa kwa kujua kwamba mwandishi wake huenda alikuwa mbioni. Mtafiti asisahau pia kuwa mwezi huandama kwa kuonekana, kwa hiyo tofauti ya siku moja au mbili si kosa la mwandishi.

Tarehe hizo ndizo zinazowezesha kuweka barua karibu na ushahidi wa pili. Mapadri Weupe walifungua misheni Kibanga, kwenye ghuba iliyo mbele ya rasi ya Ubwari, mwaka 1883. Kanuni ya Kardinali Lavigerie iliwataka waandike shajara katika kila kituo, na habari za vituo zilichapwa kila miezi mitatu. Padri Amaat Vyncke, aliyefia Kibanga mwaka 1888, aliacha pia barua nyingi zilizochapwa kwa Kiflamandi. Basi kwa ufuo mmoja wa maji kuna siku zilizoandikwa na mapadri, na kuna siku zilizoandikwa na mabwana wa misafara. Kuzilinganisha siku kwa siku ni kazi ambayo ingestahili tasnifu ya shahada.

Kupotea kwa barua nako kuna historia yake. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1869 aliandika barua zaidi ya 40, na karibu zote hazikufika pwani. Yeye mwenyewe aliamini kwamba wafanyabiashara waliogopa asieleze habari za watumwa. Miaka miwili baadaye, huko Nyangwe, alikosa karatasi akaandika juu ya gazeti kwa wino wa matunda ya mwitu. Maandishi hayo yalififia hata wataalamu walipoyafufua kwa picha za mwanga wa namna mbalimbali, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011.

Lipo, hata hivyo, jambo ambalo mwanga wa namna yoyote hauwezi kulifufua. Wasomi wa Kiswahili hufurahi, na kwa haki, wanapoona lugha hii imeandikwa katika bara la Kongo kabla ya shule za wakoloni. Lakini barua hizi ni za wenye bunduki. Mbembe aliyechomewa kijiji hakuandika, wala mtoto aliyenunuliwa na mapadri akalelewa Kibanga hakuulizwa aandike nini. Katika barua za mabwana watu hao huonekana kama idadi, na katika shajara za mapadri huonekana kwa jina la ubatizo. Furaha ya mwanaisimu isimfanye asahau Kiswahili hiki kilifikaje milimani.

Wanaoweza kusaidia hapo ni wazee wanaojua majina ya vijiji vya kale, ya vilima na ya mito, kwa Kibembe na kwa Kibwari. Kwa msaada wao herufi tatu zisizo na irabu zaweza kuwa mahali panapojulikana. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kwa hiyo orodha ya majina hayo haina budi kuanza kukusanywa pande zote mbili za maji, Kigoma na Baraka, kabla ya jalada lolote la Tervuren kufunguliwa.