Ujiji na Chimbuko la Kanisa Kuu la Mkunazini, 1871–1897

Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja, huelezwa kwa kawaida kama alama ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Insha hii inadai kwamba chimbuko lake halipo pwani pekee. Sehemu yake iko Ujiji, bandari ya Ziwa Tanganyika katika nchi ya Waha, kusini-magharibi mwa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo.

Mnamo Julai 1871, David Livingstone alishuhudia mauaji ya raia katika soko la Nyangwe, Manyema, yaliyotendwa na watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Alirejea Ujiji, ambako Henry Morton Stanley alimkuta mwaka huohuo. Stanley alipeleka pwani maandishi yake, na habari za Nyangwe zilipochapishwa Uingereza mwaka 1872 ziliongeza shinikizo dhidi ya biashara hiyo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini.

Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo, palipokuwa soko la watumwa. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alisimamia ujenzi wa mawe ya matumbawe na saruji. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Ndani ya kanisa umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Hata hivyo, jengo hili halithibitishi ukombozi kamili. Mkataba ulizuia kuuza watu hadharani, haukuzuia kuwamiliki. Hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja ilifutwa mwaka 1897 tu, na Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Aidha, mateka wengi waliouzwa Unguja walipitia Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi waliovushwa kutoka Manyema walibaki bara, wakitumikishwa Ujiji na Unyanyembe. Hao hawakuwahi kufika Mkunazini.

Kwa hiyo, kanisa hili lililozaliwa kwa ushahidi uliopitia Ujiji linaadhimisha kufungwa kwa soko moja. Historia ya watumwa waliobakia bara inapaswa kutafutwa hukohuko walikobakia.