Rangi Nyeusi Chini ya Gari: Historia Ambayo Muuzaji Hatakuambia

Mwaka jana binamu yangu aliniomba nimsindikize kuangalia gari. Alikuwa ameweka pesa kwa Sacco miaka minne, akifundisha mchana na kutoa twisheni jioni, na hatimaye alikuwa na doo ya kununua kagari kadogo ka mtumba kutoka Japani. Muuzaji alikuwa mpole ajabu. Baada ya kutuonyesha viti na redio, alipiga magoti mwenyewe, akawasha tochi ya simu na kutuambia tuinamie. "Ona, dada. Imepakwa yote. Chini ni kama mpya."

Na kweli ilikuwa inang'aa. Nyeusi tititi kutoka mbele hadi nyuma. Mimi nilishashawishika kitambo. Lakini fundi tuliyekuwa naye, mzee wa maneno machache, alitoa bisibisi mfukoni, akaomba ruhusa, akakwangua kidogo karibu na springi ya nyuma. Ile nyeusi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na magamba ya kahawia yakadondoka. Kutu. Binamu yangu aliyaokota, akayaangalia kiganjani muda mrefu. Tukasema asante, tukaondoka.

Kwa matatu ya kurudi hakuna aliyeongea. Mimi nilikuwa najiuliza: hii rangi ya chini, ile mafundi wanaita andakoti, ilianza vipi? Iliundwa kulinda gari ama kuficha gari? Nimesoma sana tangu siku hiyo, na naona jibu linategemea kitu kimoja: kama aliyepaka alikuwa na mpango wa kurudi.

Tuanze nyumbani, kabla ya gari yoyote. Watu wa Pwani wamekuwa wakipaka chini ya vyombo tangu zamani sana. Jahazi lilikuwa linavutwa ufuoni maji ya bamvua yakijaa, yakitoka linabaki juu ya mchanga. Watu wanalikwangua tumbo lote, wanaliacha likauke, kisha wanapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa. (Ndiyo, inaitwa sifa. Harufu yake haina sifa yoyote.) Adui hapo hakuwa kutu, alikuwa wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Lakini angalia mpangilio wa kazi: kwangua, kausha, paka. Na baada ya miezi kadhaa, rudia. Hakuna nahodha aliyeambiwa deheni ni ya maisha.

Magari yalipokuja, mwanzoni hakuna mtu alijali sana chini. Gari kama Ford Model T ya 1908 ilikuwa na chasisi, fremu ya chuma kizito, na mwili umewekwa juu yake kama kitanda juu ya mkokoteni. Mwili ukioza, unabadilisha ama unaishi nao. Mambo yalibadilika Italia mwaka 1922, Lancia walipotoa gari lao la Lambda ambalo halikuwa na chasisi ya kando. Mwili wenyewe ndio ulikuwa mifupa. Ufaransa, Citroën wakafuata na Traction Avant mwaka 1934, na leo karibu kila gari dogo unaloliona barabarani limeundwa hivyo. Ni nyepesi, haili mafuta sana. Shida ni kwamba sakafu unayokanyaga na zile kingo chini ya milango ni bati jembamba, na hilo bati ndilo linabeba kila kitu. Likioza, hujapoteza urembo tu. Gari ikigongwa, haina mifupa.

Sasa ongeza chumvi. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa, basi. Chumvi inafanya kazi iende mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na kutu ni mchezo wa umeme mdogo mdogo. Marekani walianza kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu mwishoni mwa miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili wakazidisha hadi mamilioni ya tani kila mwaka. Hapa kuna kitu kilinichekesha: chini ya Detroit, jiji la magari lenyewe, karibu mita 350 kwenda chini, kuna mgodi mkubwa wa chumvi. Juu wanaunda magari, chini wanachimba kitu cha kuyala.

Ni Detroit hiyo hiyo ambapo mwaka 1959 fundi mzaliwa wa Ujerumani, Kurt Ziebart, alianza biashara ya kuzuia kutu. Wengine walikuwa wanapaka lami chini na kumaliza. Yeye aligundua kwamba gari nyingi huoza kutoka ndani: ndani ya milango, ndani ya zile kingo zenye uwazi, mahali brashi haifiki. Kwa hivyo alitoboa matundu madogo, akaingiza mipira mirefu yenye ncha maalum, akapuliza dawa ya nta ndani, kisha akaziba. Wazo zuri, na likasambaa nchi nyingi.

Halafu wauza magari wakaona pesa. Kufikia miaka ya 1970 na 1980, kuzuia kutu kulikuwa kitu unauziwa pale pale mezani unaposaini karatasi, pamoja na dawa ya viti, kwa bei tamu kwa muuzaji. Kazi ikifanywa haraka haraka, matundu ya kutolea maji chini ya milango yanazibwa na dawa yenyewe. Maji yanaingia, hayatoki. Umelipa mtu akutengenezee bwawa. Na ile lami nene ina tabia mbaya zaidi: inakauka, inapasuka nyufa ambazo huwezi kuona, maji yanapita humo na kukaa katikati ya lami na chuma. Kwa nje bado ni nyeusi, safi. Ndani bati linageuka biskuti.

Waliochapwa zaidi na historia hii ni Lancia, wale wale wa 1922. Gari lao la Beta lilitoka 1972, zuri, watu wakalipenda. Kule Uingereza, kwa mvua na chumvi, mahali fremu ndogo inayobeba injini imeshikilia mwili pakaanza kuoza. Mwaka 1980 magazeti na televisheni zikalishika jambo hilo. Kampuni ikaanza kununua tena magari kutoka kwa wateja na kuyaharibu. Jina halikupona. Mwaka 1994 Lancia ikaacha kuuza Uingereza kabisa. Kampuni iliyofundisha dunia kwamba mwili unaweza kuwa mifupa ndiyo iliaibishwa na mifupa kuoza.

Viwanda vilijifunza, lakini nadhani vilijifunza kwa sababu wateja walipiga kelele. Ford walikuwa tayari wameanza, miaka ya 1960, kutumbukiza mwili wote wa gari kwenye tangi la rangi na kupitisha umeme ili rangi ifike kila kona. Porsche wakaanza kutumia bati lililopakwa zinki kwenye 911 katikati ya miaka ya 1970. Warranti za kutu zikaja. Leo gari ikitoka kiwandani ina ulinzi ambao mzee wako angeuota tu.

Basi mbona gari ya binamu yangu ilikuwa imeoza?

Kwa sababu ya historia nyingine, ya Japani. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, theluji si mchezo. Zamani madereva walifunga tairi zenye misumari, lakini misumari ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzizuia. Barabara zikabaki na barafu, na dawa ikawa chumvi zaidi. Sheria yetu inaruhusu gari ya mtumba isiyozidi miaka minane. Kwa hivyo gari inaweza kushuka Kilindini ikiwa "safi", na chini imekula chumvi misimu saba. Halafu mtu anaipaka nyeusi, hapa ama kule, na tochi inawashwa.

Ndiyo maana siku hizi naomba karatasi ya mnada kabla ya picha. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni ya "sabi", kutu kwa Kijapani, na C ni ya bati lililoliwa kabisa. Zikiwa nyingi na chini ni nyeusi kama usiku, uliza nani alipaka na kwa nini.

Sisemi usipake. Kama unaishi Mombasa ama Malindi, paka, hewa yenyewe ni chumvi. Kama barabara yenu ni tope, paka, kwa sababu tope likikaa juu ya matairi linashika maji wiki nzima. Ninachokataa ni kupaka juu ya uchafu. Pia ile ya kupuliza oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure: inashika vumbi, inaharibu raba, na inayodondoka inaingia kwenye udongo wetu. Wakanada wanapuliza mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kila mwaka kabla ya baridi. Yanadondoka sakafuni siku mbili, watu wanalalamika, na mwaka ufuatao wanarudi.

Binamu yangu alipata gari nyingine baada ya miezi miwili. Chini haikuwa inang'aa. Nati zilikuwa na kutu kidogo ya juu, ile ya kawaida, na bati lote lilionekana. Yule fundi aligonga kila mahali kwa mpini wa bisibisi akisikiliza, kisha akasema, "Hii ni mzima." Aliiosha kwa presha, akaiacha juani siku mbili mpaka binamu yangu akaanza kulalamika. Akakwangua kwa brashi ya waya, akapaka praima, akaziba ekzosi na breki kwa magazeti, akapuliza nta nyembamba. Matundu ya milango akayazibua moja moja kwa waya, akamwonyesha maji yakitoka.

Wakati wa kulipa, binamu yangu aliuliza itakaa miaka mingapi. Mzee akafuta mikono, akamwambia ailete Septemba, kabla ya mvua za vuli, waangalie.

Imeandikwa kwa kalenda ya simu yake. Tumebakisha wiki tatu.