Chumvi, Umeme na Klorini: Historia Fupi ya Bwawa la Chumvi

Mjomba wangu anakaa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kwa miaka mingi amekuwa akipanda Kiriri kila asubuhi kutunza bwawa la kuogelea la nyumba moja. Wenye nyumba walipoacha klorini ya unga na kufunga mtambo wa chumvi, walimwambia kazi yake imekuwa rahisi, kwani maji hayatakuwa na klorini tena. Alimwaga mifuko ya chumvi, akaiacha pampu izunguke mpaka chumvi ikayeyuka yote. Vipimo vya klorini havikununuliwa tena. Ikaja miezi ya umeme kukatikakatika, maji yakawa ya kijani, na lawama zikamwangukia yeye.

Nilianza kusoma historia hii kwa sababu ya lawama hizo. Hoja yangu ni kwamba bwawa la chumvi ni bwawa la klorini kama mengine. Kilichobadilika ni mahali klorini inapotengenezewa, na mabadiliko hayo yana historia ya zaidi ya miaka mia mbili.

Klorini ilipatikana mara ya kwanza kwa njia ya asidi. Mwaka 1774, Carl Wilhelm Scheele, mkemia aliyefanya kazi Sweden, alichanganya asidi ya chumvi na madini ya manganizi, akapata gesi ya rangi ya manjano na kijani yenye harufu ya kukaba koo. Mjomba anaijua harufu hiyo. Siku moja alimimina asidi ya bwawa katika ndoo iliyokuwa na masalio ya klorini ya unga, na akakohoa kwa siku kadhaa. Kanuni ya tukio lile ni ileile ya Scheele, ila Scheele alikuwa amekusudia.

Mwaka 1800 betri ya Volta ilitangazwa, na mwaka huohuo William Cruickshank wa Uingereza akapitisha umeme katika maji ya chumvi, akapata klorini. Kwa hiyo wazo la msingi la mtambo wa Kiriri lina umri wa karne mbili na zaidi. Lakini betri za wakati ule zilikuwa dhaifu na ghali, na wazo hilo halikuweza kulisha kiwanda mpaka dainamo zilipofika.

Mwaka 1893, katika mji mdogo wa Brewster, jimbo la New York, Albert Woolf alitumia umeme kutengeneza dawa kutokana na maji ya chumvi. Dawa hiyo ilitiwa katika maji taka yaliyotishia vyanzo vya maji ya jiji la New York. Huko Ufaransa, Eugène Hermite naye alikuwa akifanya kazi kama hiyo kwa maji ya bahari. Kwa maoni yangu, hawa wawili ndio mababu halisi wa bwawa la chumvi, kwa sababu walitengeneza dawa palepale ilipohitajika.

Njia yao haikushinda. Viwanda vikubwa vilijengwa karibu na umeme wa bei nafuu, kwa mfano Niagara Falls mwishoni mwa miaka ya 1890, na klorini ikaanza kusafirishwa ikiwa unga au kimiminika. Jersey City ilipoanza kutibu maji yake ya kunywa mwaka 1908, chini ya daktari John Leal, ilitumia unga wa chokaa na klorini. Hatari ya gesi hiyo ikiwa nyingi mahali pamoja ilionekana Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani walipoifungulia kutoka kwenye mitungi dhidi ya wanajeshi waliokuwa katika mahandaki.

Kwa nini basi mtambo wa nyumbani ulichelewa hivyo? Tatizo lilikuwa mabamba yanayopitisha umeme. Kaboni ililika polepole na kuchafua maji, na platinamu ilikuwa ghali mno. Katika miaka ya 1960 Henri Beer alivumbua bamba la titani lililopakwa oksidi ya rutheniamu, nalo lilidumu. Viwanda vililichukua kwanza, kisha likashuka hadi kwenye mabwawa ya watu binafsi, na Australia ikawa miongoni mwa nchi zilizolipokea mapema.

Mtambo wa sasa unahitaji gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa lita moja, wakati bahari ina kama gramu 35. Bwawa la lita 50,000 linahitaji kilo 150 hadi 200, yaani mifuko mitatu au minne ya kilo 50. Umeme ukipita kati ya mabamba, chumvi iliyoyeyuka hutoa klorini. Klorini huua vijidudu, kisha hurudi kuwa sehemu ya chumvi. Ndiyo maana chumvi haiongezwi mara kwa mara, isipokuwa maji yamemwagika au chujio limeoshwa. Asidi bado inahitajika, kwa sababu kazi hiyo hupunguza ukali wa maji, na klorini bado inapaswa kupimwa. Umeme ukikatika, klorini haitengenezwi, na ile iliyobaki huliwa na jua la Bujumbura kwa muda mfupi.

Huo unga wa zamani nao ulitokana na chumvi iliyopitishiwa umeme, ila katika kiwanda cha mbali, kwenye umeme usiokatika. Hilo wenye nyumba hawakuambiwa na aliyewauzia mtambo.

Nilimweleza mjomba haya yote jioni moja, akanisikiliza mpaka mwisho. Juma lililofuata aliwaomba wenye nyumba vitu viwili: vipimo vya klorini, na ndoo moja ya unga ya kuweka stoo kwa siku za giza. Vipimo wamenunua. Kuhusu ndoo, bado wanamjibu kwamba bwawa lao ni la chumvi.