Kupachika si Kutenganisha: Jina la Kicharazio cha Kishikwambi

Miongoni mwa tafsiri zilizoenea katika miongozo ya matumizi na matangazo ya biashara bila ya kuulizwa zimetoka wapi, ni vigumu kupata iliyo nzito mdomoni kuliko "kishikwambi chenye kibodi inayoweza kutenganishwa", fungu la maneno matano ambalo mteja hulikata vipande kabla hajafika kwa muuzaji. Kifaa chenyewe kinajulikana: ni kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole, ambayo ikiwekewa kicharazio huwa mithili ya kompyuta mpakato, na kicharazio kikiondolewa hurudia hali yake. Kasoro imo katika jina, ambalo limebarikiwa na kamati zilizotafsiri neno la Kiingereza "detachable" kiungo kwa kiungo, pasipo kujiuliza Waswahili huviitaje vitu vya namna hiyo.

Neno kishikwambi halina haja ya kutetewa tena, kwa kuwa makarani wa sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 walipita nalo nyumba kwa nyumba, na neno lililobisha hodi milango yote hiyo halirudishwi na mhariri yeyote. Kicharazio nacho kimeundwa kwa kanuni: kitenzi charaza, yaani kupiga kwa ustadi, iwe ni ala ya muziki au hata bakora, kimepewa kiambishi ki- na tamati -io, kama vile chuja ilivyozaa kichujio. Wapo wanaopendelea "baobonye", neno ambalo limekata mkia wa kitenzi bonyeza na kuuacha njiani, na wapo wauzaji wanaosema "kibodi", ambao angalau wana udhuru wa haraka, ingawa hawajaafikiana kama wingi wake ni vibodi au kibodi zilezile.

Tatizo ni hilo "inayoweza kutenganishwa". Tenganisha hutokana na tenga, kikaongezwa -an- ya kutendana na -ish- ya kusababisha, kwa hiyo maana yake ni kuvifanya vitu viwe mbalimbali, kama watenganishwavyo wagomvi au chuya na mchele. Ni kitenzi kisicho na ahadi ya kurudiana, na hakuna aliyewahi kutenganisha chuya kwa nia ya kuzirejesha jioni. Wengine, kwa kuona uzito wa "inayoweza", wamekimbilia kauli ya kutendeka wakaandika "kibodi inayobanduka", wasitambue kwamba kauli hiyo ina ndimi mbili: hutaja kinachowezekana kutendwa, na hutaja vilevile kilichojitendekea chenyewe. Soli inayobanduka ni soli mbovu, na mnunuzi akisikia kibodi inayobanduka ana haki ya kudai apunguziwe bei.

Kiswahili kina utajiri wa jozi ambazo kitenzi cha kwanza huweka kitu mahali pake kwa -ik- au -ek-, na cha pili, kwa kauli iitwayo ya kutendua, hukiondoa kwa -u- au -o-: funika na funua, anika na anua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, pachika na pachua. Jozi hizi hazibadilishani kazi. Bandika hudai kitu kiambatane na uso wa kingine, kama plasta juu ya kidonda. Chomeka hudai ncha iingie ndani, kama plagi katika soketi. Pachika hudai vitu viwili vikae kwa kuoana, kimoja kikipata nafasi yake kwa mwenziwe, kama mshale unavyopachikwa kwenye upote wa upinde tayari kufyatuliwa. Kicharazio kinachozungumziwa hakina gundi wala ncha ya kuzama. Kina vijipini vya metali vinavyogusana na vya kishikwambi, na sumaku inayovishika visiteleze. Huko ni kupachika, na si kingine.

Imebaki hoja ambayo kwayo kikao kimoja cha istilahi, ambacho hakistahili hisani ya kutajwa, kililitupa pendekezo la jina "kicharazio cha kupachika" lilipopelekwa mbele yake: kwamba jina hilo halitaji kuondolewa, ilhali Kiingereza hutaja kuondolewa tu. Wajumbe hao wangetazama kucha za wake zao au za binti zao wangepata jibu, kwani zinaitwa kucha za kubandika, kama zilivyo kope za kubandika, na hakuna anayedhani hazibanduliwi. Kitanda cha kukunja nacho hakijaitwa cha kukunjua, japo hukunjuliwa kila usiku. Kiswahili hukiita kitu kwa tendo moja la jozi na kumwachia msikilizaji la pili, na katika vitu vya kuongezwa tendo litajwalo ni lile la kuweka.



Wahariri wa kamusi zijazo wanaombwa, kabla rasimu haijafungwa, wakiingize kicharazio hiki chini ya pachika, na waache tenganisha iendelee na chuya zake.