Kuchafuka kwa Moyo: Majina na Dawa za Kichefuchefu cha Mimba

Soranus wa Efeso, tabibu wa Kiyunani aliyeandika juu ya uzazi katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliita hali hii kissa. Alisema huanza yapata siku ya arubaini ya mimba, na alama zake ni moyo kuchafuka, kutapika, na kutamani visivyoliwa, kama udongo na makaa. Neno lenyewe ni jina la ndege wa jamaa ya kunguru, na Kilatini kikamfuata ndege huyo huyo kikasema pica. Waarabu nao husema waham. Majina haya yote yaitazama tamaa ya mja mzito kuliko taabu yake.

Kiingereza kimeelekea kwingine, kikauita ugonjwa wa asubuhi. Jina hili limeleta madhara, kwa kuwa wanawake wengi huugua mchana kutwa na hata usiku, na aambiwaye kwamba ana ugonjwa wa asubuhi hutazamiwa kuwa mzima ifikapo adhuhuri. Kiswahili hakikufunga saa. Mwanamke husema moyo wamchafuka, au roho. Husema ana kichefuchefu au kigegezi. Lakini maneno hayo hutumika pia kwa aliyekula samaki aliyeoza, wala hayatenganishi taabu ndogo na ile iwezayo kuua.

Nayo huua. Charlotte Brontë, mwandishi wa Uingereza, aliolewa Juni 1854, akafa tarehe 31 Machi 1855, naye ana mimba. Cheti cha kifo kilitaja kifua kikuu. Bali wengi waliochunguza habari za siku zake za mwisho, za kichefuchefu kisichokoma na kushindwa kula, waamini kwamba aliuawa na kutapika.

Dawa za nyumbani katika pwani yetu zajulikana: ndimu ya kunusa au kulamba, ukwaju, embe bichi kwa chumvi, chai ya tangawizi. Tangawizi imepimwa na wataalamu, ikaonekana kupunguza kichefuchefu kwa kiasi. Udongo uitwao pemba, uuzwao sokoni kwa vipande, Soranus angeutambua mara moja. Hapa sina budi kuonya: udongo waweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma, na mwingine una risasi ndani yake.

Dawa ya kiwandani ndiyo iliyoleta msiba mkubwa. Thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi tarehe 1 Oktoba 1957 kwa jina la Contergan, ikiwa dawa ya usingizi isemwayo kuwa haina hatari yoyote, na waja wazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa madukani huko Novemba 1961, baada ya Widukind Lenz wa Hamburg kuonya. Watoto wakadiriwao kupita 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyopotoka au wasiwe navyo. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu Dkt. Frances Kelsey, aliyepewa maombi ya kampuni mwaka 1960, alikataa kuyapitisha bila ushahidi zaidi.

Hofu ile ilizaa kosa la kinyume. Bendectin, iliyouzwa Marekani tangu 1956, iliondolewa na watengenezaji wake mwaka 1983 kwa wingi wa mashtaka, ingawa utafiti haukuonyesha kwamba yalemaza watoto. Mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6, uliokuwa ndani yake, ulikubaliwa tena nchini humo mwaka 2013. Katika miaka 30 hiyo wanawake wangapi waliambiwa wavumilie tu!

Wengine waliambiwa kwamba ugonjwa u katika akili zao. Marlena Fejzo, mtaalamu wa urithi wa Marekani, alipoteza mimba yake mwaka 1999 kwa kutapika, na daktari wake hakumwamini. Desemba 2023 yeye na wenzake walitangaza kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, itokayo hasa katika kondo, na kwamba mwanamke aliyekuwa nayo kidogo kabla ya kushika mimba huumizwa nayo zaidi.

Kwa hiyo napendekeza kamusi zetu zitenge maingizo mawili: kichefuchefu cha mimba kwa hali ya kawaida, na kutapika kwa kupindukia kwa mimba kwa ile impelekayo mtu hospitali. Mkunga aandikapo cheti cha kumhamisha mgonjwa asilazimike kuandika moyo wamchafuka.