Kutoka kwinini ya Mwenzo: safari ndefu ya dawa za mafua

Mwanzoni mwa Novemba 1918 msafara mrefu wa watu waliochoka ulipita katika nchi ya Wanyamwanga, kutoka misheni ya Mbozi kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ndani yake walikuwamo askari wa jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na pamoja nao wapagazi, wanawake na watoto waliozaliwa njiani. Kwa miaka minne walikuwa wakikimbizana na majeshi ya Waingereza, na walikuwa wametoka Msumbiji wiki chache tu nyuma. Walijaribu kuliteka boma la Waingereza la Fife, wakashindwa, wakaendelea na safari. Katika misheni ya Mwenzo, mwendo mfupi kutoka Tunduma ya leo, wakapata dawa za Waingereza, na kubwa kuliko zote ilikuwa kwinini ya kuwatosha miezi kadhaa.

Kwa jeshi la porini kwinini ilikuwa na thamani sawa na risasi, kwa kuwa ndiyo iliyowawezesha watu kutembea kwenye nchi ya malaria. Lakini ugonjwa uliokuwa unawapunguza wakati huo haukuwa malaria. Tangu mwezi Septemba, nimonia ilikuwa imeanza kuwaangusha, na walipofika Ubena walilazimika kumwacha Jenerali Kurt Wahle pamoja na wagonjwa wengine mikononi mwa adui. Shehena nzima ya Mwenzo isingemsaidia mtu mwenye kifua cha namna ile.

Wakati huohuo, homa kubwa ya mafua ilikuwa tayari imeingia Afrika kwa meli. Agosti ilikuwa Freetown. Septemba ilishuka Cape Town pamoja na wanajeshi waliokuwa wanarudi nyumbani, ikapanda reli kwenda Kimberley, na Oktoba ikafika Bulawayo na kuendelea kaskazini. Upande wa pwani iliingia Mombasa mwishoni mwa Septemba. Nyanda za juu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambako kata yetu ya Ndalambo ipo, zikawa zinasubiri kufikiwa kutoka pande zote mbili. Reli haikufika huku, lakini kulikuwa na njia za wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na tengatenga, yaani wapagazi, wa mpaka huu walikuwa wamebeba unga na risasi kwa miaka. Vita vilipokwisha walirudi vijijini kwao, na homa ikarudi pamoja nao.

Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita tarehe 13 Novemba, karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 alisalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo, akiwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100. Watu waliokuwa wameepuka risasi tangu 1914 wakaanza kufa kwa mafua kambini, kisha njiani walipopelekwa Kasanga na kuvushwa ziwa hadi Kigoma. Majina ya maofisa wa Kijerumani waliokufa yaliandikwa. Ya wapagazi, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa, na hilo mimi nalihesabu kuwa hasara ya pili.

Ugonjwa ule ulikuwa na tabia ya kutisha: uliwachukua hasa watu wenye nguvu, wa miaka ishirini hadi arobaini. Novemba kwenye nyanda hizi ni mwezi wa mvua za kwanza na jembe. Mtu aliyelala wiki mbili wakati huo hakupanda, na aliyefiwa na mwenzi wake alipanda nusu. James Ellison, mwanaanthropolojia aliyefuatilia habari za mafua hayo kusini-magharibi mwa Tanzania, ameonyesha jinsi ambavyo njaa kali iliyofuata ilikaa katika kumbukumbu za watu pengine kuliko homa yenyewe. Duniani kote makadirio yanayotajwa sana ni vifo milioni 50.

Na tiba ilikuwa nini? Aspirini, kwinini, maji, blanketi. Daktari wa kikoloni na mganga wa kijiji walikuwa sawa katika jambo hili moja: hakuna aliyejua anapambana na nini. Wataalamu wengi walidhani ni bakteria. Ilipita miaka kumi na mitano kabla ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw kuonyesha huko London, mwaka 1933, kwamba mafua ya binadamu yanaletwa na kirusi. Walitumia wanyama wadogo jamii ya cheche, wanaoshikwa na mafua kama sisi. Mnyama mmoja mgonjwa alimpigia Smith chafya usoni, na Smith akaugua.

Kumjua adui hakukuleta silaha mara moja. Dawa ya kwanza ya kufubaza kirusi cha mafua, amantadini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1966, na ndugu yake rimantadini ikafuata 1993. Zote mbili huziba tundu dogo kwenye ganda la kirusi ambalo kirusi hulihitaji ili kufungua mzigo wake ndani ya seli. Zilikuwa rahisi na za kumeza, lakini hazikuwa na nguvu yoyote kwa mafua ya aina B, na kwa aina A kirusi kilihitaji badiliko moja tu la mwili wake ili kuzishinda. Kufikia msimu wa 2005 na 2006, zaidi ya asilimia 90 ya virusi vya H3N2 vilivyopimwa Marekani vilikuwa sugu. Januari 2006 mamlaka za afya za huko ziliwaambia madaktari waziache. Hadi leo hazifai kwa mafua, na yeyote anayezitaja kama chaguo anazungumzia dawa iliyokwisha muda wake.

Kizazi cha pili kilianzia Australia. Mwaka 1983 Peter Colman, Jose Varghese na Graeme Laver walichapisha umbo la neuraminidesi, kimeng'enya kilichopo juu ya kirusi. Virusi vipya vinapochomoza kwenye seli hubaki vimenata juu yake, na neuraminidesi ndiyo panga linalokata kamba ili viende kushambulia seli nyingine. Virusi vya mafua vya aina A na B vyote vina panga hilo, na sehemu yake inayokata haibadiliki sana. Mark von Itzstein na wenzake mjini Melbourne wakatengeneza molekuli ya kuliziba, zanamiviri, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1999 ingawa jopo la washauri lilikuwa limepiga kura 13 kwa 4 kuikataa. Shida yake ni kwamba ni poda ya kuvuta kwa mdomo. Mgonjwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua, na mtoto mdogo hawezi kuitumia.

Miezi michache baadaye ikaja oseltamiviri, iliyobuniwa na kampuni ya Gilead na kuuzwa na Roche kwa jina la Tamiflu. Hii ni ya kumeza. Mtu mzima hunywa miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Mtoto hupewa kwa uzito wake, na kidonge kinaweza kufunguliwa unga wake ukachanganywa na kitu kitamu kuficha uchungu. Inywe pamoja na chakula, maana kichefuchefu ndicho kinachowafanya wengi waiache siku ya pili. Mjamzito anaweza kuitumia, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Malighafi yake ya mwanzo ilitoka kwenye kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota, na hofu ya mafua ya ndege ilipopanda mwaka 2005, serikali tajiri ziligombania kuijaza katika maghala. Uingereza peke yake ilitumia zaidi ya pauni milioni 400.

Hapo ndipo yalipoanza mabishano ambayo naona kila msomaji anastahili kuyajua. Watafiti wa mtandao wa Cochrane walidai kwa miaka mingi wapewe ripoti kamili za majaribio, na si muhtasari uliochapishwa tu. Walipozipata, mwaka 2014, walieleza kwamba kwa mtu mzima oseltamiviri inafupisha dalili kutoka siku 7 hadi takriban siku 6.3, na hawakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba inapunguza kulazwa hospitali. Jaribio lililofanyika katika zahanati za nchi 15 za Ulaya na kuchapishwa 2019 lilikuta nafuu ya siku moja kwa mgonjwa wa kawaida, na siku mbili hadi tatu kwa wazee waliougua sana. Usugu nao haukukosekana: mwaka 2008 kirusi cha H1N1 cha msimu kilichoishinda oseltamiviri kilionekana Norway na kusambaa karibu dunia nzima. Kilichotuokoa ni kwamba kirusi kipya cha 2009 kilikifuta, na hicho kipya kilikuwa bado kinaisikia dawa.

Mafua hayo ya 2009 yalithibitishwa Tanzania mwezi Julai. Nchi ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia kufuatilia virusi vya mafua katika vituo teule, kwa hiyo safari hii, tofauti na 1918, maabara ya Dar es Salaam iliweza kukitaja kirusi kwa jina lake.

Dawa mpya kuliko hizo ni baloksaviri ya Shionogi ya Japani, iliyoruhusiwa huko Februari 2018. Haigusi panga, inakizuia kirusi kunakili vinasaba vyake ndani ya seli. Hunywewa mara moja tu, bila maziwa, kwa kuwa madini ya chokaa huipunguzia nguvu. Katika jaribio kubwa la kwanza, dalili zilichukua saa 53.7 kupungua, dhidi ya saa 80.2 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hapo ililingana na oseltamiviri. Ilipoizidi ni katika kukiondoa kirusi mwilini: siku moja dhidi ya siku tatu. Na mwaka 2025 ilichapishwa kwamba familia ambazo mgonjwa wao alipewa baloksaviri ziliambukizwa kwa asilimia 9.5, na ambazo hakupewa kwa asilimia 13.4. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya kumi wa waliotibiwa katika jaribio lile la kwanza walitoa virusi vilivyobadilika, na kwa mjamzito haishauriwi.

Ukiniuliza ipi ni bora, nitasema kwanza inategemea ni nani anayeumwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2024, linapendekeza baloksaviri kwa mgonjwa ambaye bado hajazidiwa lakini yuko katika hatari ya kuzidiwa, na oseltamiviri kwa aliyezidiwa, huku likikiri kwamba ushahidi ni hafifu. Kwa kijana mwenye afya, maji, mapumziko na parasetamoli vinatosha. Dawa hizi huandikwa na daktari na si za kununua kwa kubahatisha, na antibaiotiki haikiui kirusi cha mafua, hata kama ndiyo inayopatikana dukani kwa urahisi.

Dawa zote za mafua zinafungwa na sharti moja, saa 48 tangu dalili zianze, na sharti hilo ni gumu kwa maeneo kama Ndalambo. Mtu akishikwa na homa hapa hufikiri malaria kwanza, na anafanya sawa, maana malaria huua haraka na kipimo chake cha haraka kipo zahanati. Tatizo huja kipimo kikisema hakuna malaria, naye akapewa dawa mseto ya malaria hata hivyo, akarudi nyumbani kungoja siku tatu. Siku hizo tatu zikiisha, dawa ya mafua imeshapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mtu mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU, naye akashikwa na homa ya ghafla, kikohozi na maumivu ya mwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Apimwe malaria, na kipimo kikiwa safi, mwulize tabibu waziwazi kama inaweza kuwa mafua. Akianza kupumua kwa shida, usingoje asubuhi.